Kung'arisha kioo cha darubini kwa mkono: makosa ya uso yanakotoka na namna ya kuyapunguza

Kioo ninachokizungumzia kina kipenyo cha milimita 150 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi mahali nuru ya nyota inapokusanyika, wa milimita 1200. Ndicho ninachompa kila anayekuja kujifunza kwangu hapa Tanga, na ndicho ninachokirudia mwenyewe kila nipatapo nafasi. Bonde lake ni dogo: katikati pako chini ya ukingo kwa milimita 1.17 tu. Kuchimba bonde hilo kunataka nguvu na uvumilivu, lakini hakuna siri kubwa. Ninachotaka kukieleza ni kinachofuata, yaani kung'arisha, ambako kosa linalovumilika halizidi nanomita 70 hivi. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 70,000 kwa kadirio la kawaida. Ugawe mara elfu. Kipande kimoja ndicho nafasi uliyo nayo.

Hesabu yake ni hii. Nuru ya kijani, ambayo jicho huipokea vizuri kuliko nyingine, ina urefu wa wimbi wa nanomita kama 550. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alionyesha kwamba taswira huanza kuharibika pale wimbi linapofika kwenye fokasi likiwa limepotoka kwa robo ya urefu wake. Kwenye kioo nuru huenda na kurudi, hivyo kila kosa la uso huhesabiwa mara mbili. Robo ya wimbi inakuwa sehemu moja ya nane usoni, nanomita 69.

Msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja. Kioo huchukua umbo la kilichokisugua, katika joto lililokuwapo, juu ya kitu kilichokibeba. Ukiona kosa, usikimbilie kulisugua pale lilipo. Uliza kwanza limetoka wapi: kwenye lami (ndiyo tunayomimina juu ya sahani ya kung'arishia), joto, mkono, meza au uchafu. Ukikiondoa chanzo kisha ukaendelea kusugua uso mzima kwa misukumo ya kawaida, makosa mengi hufutika bila kuguswa. Anayekimbilia kukwangua kilima kwa kidole gumba hupata kilima kimoja pungufu na mabonde mawili mapya pembeni yake.

Sababu yake ni ya kijiometri. Nyuso mbili zikisuguana huku na huko, zikizungushwa kila upande, zinaweza kugusana kila mahali kwa wakati wote endapo tu zote mbili ni sehemu ya tufe. Kusugua kwenyewe kunavuta kuelekea kwenye tufe. Darubini ya SALT kule Sutherland, Afrika Kusini, ina vipande 91 vya kioo na vyote ni vya umbo la tufe, kwa kuwa umbo hilo ni rahisi kulitengeneza na kulipima. Kwa nyota, kioo kimoja cha kawaida kinahitaji parabola, yaani bonde linalokusanya nuru ya mbali kwenye nukta moja, lakini kwa kipimo hiki chetu tofauti ya tufe na parabola haizidi nanomita 72 hivi popote. Maana yake, ukipata tufe safi tayari umesimama mpakani pa kukubalika, na hatua iliyobaki ni fupi. Ndiyo sababu nakipendekeza kioo hiki kwa anayeanza: nguvu zake zote anaziweka kwenye kuondoa makosa.

Kabla ya kugusa lami

Makosa mengi yanayolaumiwa kwenye kung'arisha yalizaliwa kwenye kusaga. Tunasaga kwa unga wa silikoni kabaidi kuanzia namba 80, kisha 120, 220 na 320, halafu unga wa alumini oksaidi wa mikromita 15, 9 na 5. Kila unga una jukumu la kufuta vishimo vilivyoachwa na ule uliotangulia. Vishimo vya namba 220 vikibaki na ukaingia kwenye lami, utang'arisha mpaka mikono iume navyo bado vitakuwapo, maana lami inaondoa kioo polepole mno.

Chora misalaba ya penseli uso mzima, kisha saga kidogo. Ikifutika yote kwa pamoja, kioo na sahani ya kusagia vinagusana sawasawa. Ikifutika katikati ikabaki ukingoni, usisonge mbele, kwa sababu hapo ndipo ukingo ulioinama unapoanzia. Halafu chukua lupa ya fundi saa, mulika kwa ubavu, utazame milimita kumi za mwisho za ukingo. Vishimo vikaidi hujificha huko.

Pembe ya ukingo ichongwe kwa jiwe la kunolea lililoloa hadi upate mteremko wa milimita mbili hivi, na uurudie kila unapopungua. Ukingo mkali humeguka, na punje moja iliyomeguka inatosha kuuchana uso wote.

Uchafu ni vita ya nyumba nzima. Hapa kwetu upepo wa kaskazi ukivuma, mchanga laini unaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ninasagia uani na ninang'arishia ndani, na vitu vya uani haviingii ndani: ndoo, sifongo, taulo, hata shati nililovaa. Nywele na kucha huoshwa kwa brashi. Juu ya meza hutandikwa nailoni safi, na juu ya kichwa changu nimefunga nailoni nyingine chini ya bati, kwa kuwa vumbi la darini ni baya kuliko la barabarani. Maji ya kuchanganyia yachemshwe na kuchujwa kwa kitambaa. Unga wa seriamu oksaidi, ndio wa kung'arishia, koroga kwenye chupa ya maji, uache dakika moja punje nzito zizame, kisha mimina yale ya juu kwenye chupa ya kupulizia. Mashapo ya chini usiyarudishe.

Mkwaruzo mmoja mwembamba, pamoja na kwamba unaudhi, hauharibu taswira ya darubini kama kosa la umbo linavyoharibu. Unatawanya nuru kidogo sana. Kwa lenzi za leza zenye nguvu mambo ni mengine, kwani hapo mkwaruzo huweza kuwa mahali kioo kinapoanzia kuungua. Lakini kwa darubini usirudi kwenye unga wa kusagia kwa ajili ya mkwaruzo mmoja. Tafuta ulikotoka usije wa pili, uendelee.

Lami

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tangu Isaac Newton katika karne ya 17, waliong'arisha vioo vya darubini wameitegemea lami, na mpaka leo kwa kazi ya mkono hakuna kilichoishinda. Sababu ni tabia yake mbili kwa pamoja. Ukiigonga kwa nyundo inavunjika vipande. Ukiiacha chini ya uzito inatiririka. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wana faneli ya lami iliyowekwa na Thomas Parnell mwaka 1927 ili kuonyesha jambo hilo, na hadi mwaka 2014 yalikuwa yamedondoka matone tisa tu. Wakati wa kusugua, lami ni ngumu na inashika punje za seriamu. Wakati wa kupumzika chini ya kioo, inajikunja polepole kulifuata umbo lake. Tunaishi kati ya tabia hizo mbili.

Ikiwa laini kupita kiasi, inabonyea chini ya kioo, inapanda kukumbatia ukingo, na ukingo unaliwa. Ikiwa ngumu kupita kiasi, haiifuati sura ya kioo, inagusa hapa na kuruka pale, inaleta duara za juu na chini pamoja na mikwaruzo midogo. Kinachoamua ni joto la chumba, na digrii tatu nne zinatosha kuibadili. Lami inayofanya kazi vizuri Lushoto, kwenye baridi ya milimani, ukiishusha huku Tanga mwezi wa Februari inageuka uji. Kwa hiyo usiulize lami ipi ni nzuri. Uliza ipi ni nzuri kwa chumba chako, kwa saa utakazofanyia kazi.

Naipima hivi. Tone moja nalidondoshea kwenye bakuli la maji yaliyokaa chumbani tangu jana, naliacha dakika kumi lifikie joto la maji, kisha nalibonyeza kwa kucha ya kidole gumba kwa nguvu ya wastani, kama sekunde kumi. Kucha ikiacha alama ndogo iliyo wazi, lami iko tayari. Ikizama bila kipingamizi ni laini. Ikipasuka au ikigoma kabisa ni ngumu. Laini naipika zaidi kwa moto mdogo, au naiongezea rosini, yaani utomvu mkavu wa msonobari. Ngumu naiongezea matone ya tapentaini. Sufuria iondolewe kabisa motoni, iwe nje ya nyumba, kabla ya kutia tapentaini, maana mvuke wake unashika moto haraka. Lami haitakiwi kuchemka hata kidogo. Mfuniko uwe karibu; moto wa lami huzimwa kwa kufunikwa, maji hayamwagwi juu yake.

Sahani ya chini naitengeneza kwa jasi iliyokauka na kupakwa rangi isinyonye maji. Zungushia karatasi iliyopakwa nta ukingoni, pasha sahani moto kidogo, mimina lami ifike unene wa milimita sita. Ikianza kushikana, paka kioo maji ya sabuni na seriamu, kiweke juu, kisukume polepole bila kusimama mpaka lami ichukue umbo lake. Kisha kata mifereji kwa kisu kilicholowa, upana wa milimita nne au tano, ili zibaki miraba ya milimita kama 25. Na hapa kuna kanuni ambayo siivunji: katikati ya sahani pasiwe katikati ya mraba wala kwenye makutano ya mifereji. Pasogeze pembeni. Mpangilio ukilingana pande zote, kila mzunguko unapitisha lami ileile na mfereji uleule juu ya duara lilelile la kioo, na duara hilo linachongeka. Wengi wanahangaika na pete usoni, kumbe pete zimechorwa na mifereji yao.

Mwisho wa yote naweka wavu wa nailoni wa dirishani, tena uliooshwa, kati ya kioo na lami, na kugandamiza dakika chache. Unaacha vimiraba vidogo vinavyoshika maji na seriamu. Lami isiyo na vimiraba hivyo hunata na kusuasua, na mkono unaosuasua unaacha mawimbi madogo usoni.

Kila kazi inaanza kwa kugandamiza. Kioo juu ya lami, seriamu ya kutosha katikati, kilo tatu juu yake, dakika kumi na tano. Tazama kupitia mgongo wa kioo kilicholoweshwa: panapogusa panaonekana peusi, pasipogusa panang'aa kwa weupe. Usianze mpaka uone weusi mmoja kuanzia kati hadi ukingoni. Ukiwa na haraka, ni bora usiguse kioo siku hiyo. Kioo kisilale juu ya lami usiku, vitashikana.

Mkono

Mwaka 1927, uleule wa faneli ya Queensland, F. W. Preston, mtaalamu wa kioo, aliandika kanuni ambayo viwanda vya lenzi vinaitumia hadi leo: kioo kinachoondoka kinalingana na mgandamizo, mara kasi, mara muda. Iweke kichwani unaposugua. Viganja vyako vikiegemea upande mmoja, mgandamizo umezidi upande huo, na kioo kitaondoka huko. Ukisukuma kwa kasi mwishoni mwa kila msukumo, huko kutaliwa zaidi.

Msukumo wangu wa kawaida ni theluthi ya kipenyo, yaani milimita 50 kwa jumla, 25 kila upande, ukipita katikati ya sahani. Ninaupindisha kidogo kwenda kushoto na kulia, ufanane na herufi W, na sifanyi misukumo miwili iliyo sawa kabisa. Sahani nimeifunga juu ya pipa lililojaa maji, ninalizunguka pipa kwa hatua ndogo huku nikikizungusha kioo mikononi kuelekea kinyume. Mpwa wangu, aliye nami kwenye kazi hii, husimama mahali pamoja akachoka, kila mara namwambia, "Tembea, mwanangu. Miguu nayo inasugua." Asiyezunguka pipa anaacha upande mmoja wa mkono wake kwenye kioo.

Kumbuka pia nani yuko juu. Kioo kikiwa juu ya lami, katikati yake panaliwa zaidi na bonde linazidi kina. Lami ikiwa juu ya kioo, ukingo unaliwa zaidi na bonde linapungua kina. Kubadilishana nafasi kwa vipindi kunasawazisha mambo bila kugusa sehemu moja moja.

Vipindi viwe vifupi, dakika 15 hadi 20, na lami isikauke. Ukisikia sauti imebadilika, inakoroma au inavuta, simama, pulizia maji. Ganda lililokauka kwenye mifereji lioshwe. Likidondoka usoni linachana.

Joto

Kioo cha kawaida cha dirisha hupanuka kwa sehemu 9 hivi katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Changu kina unene wa milimita 19. Zidisha: nanomita 171 kwa digrii moja. Kiganja kilichokaa mgongoni kwa muda mfupi kinaweza kuinua uso zaidi ya mara mbili ya kosa lote linaloruhusiwa. Kioo cha borosilikati, kama Pyrex ya zamani, hupanuka zaidi kidogo ya theluthi ya hapo, na Zerodur ya Ujerumani, inayotumika kwenye darubini kubwa, karibu haipanuki. Ukiweza kupata borosilikati, chukua. Usipoweza, kioo cha dirisha kinafaa sana, ila unalipa kwa muda wa kusubiri.

Ubaya wa joto ni kwamba linakudanganya mara mbili. Kwanza, ukisugua kioo chenye kilima cha joto, unaondoa kilima ambacho kikipoa kisingekuwapo, na baada ya saa chache panabaki shimo la kweli. Pili, ukipima kioo chenye joto unaona makosa ambayo hayapo, unaamka kuyarekebisha, unayaleta. Siku moja mpwa wangu aliniita kwenye kipimo.

"Mjomba, katikati kuna kilima. Tukisugue?"

"Nani alikibeba kutoka kwenye pipa?"

"Mimi."

"Kwa viganja au kwa vidole?"

Akanyamaza. Tulikiacha mpaka kesho yake, kilima hakikuwapo.

Kwa hiyo ninabandika kishikio cha ubao mgongoni, kilichotenganishwa na kioo kwa vipande vitatu vidogo vya zulia, ili joto la mkono lisipite. Ninafanya kazi kuanzia baada ya alfajiri mpaka jua linapopanda. Miezi ya kusi, Julai na Agosti, chumba changu kinakaa karibu na digrii 22 kwa saa nyingi na lami inatulia. Januari na Februari ninasaga tu, sing'arishi. Baada ya kipindi cha kung'arisha, borosilikati naipa saa moja au mbili kabla ya kuipima. Kioo cha dirisha nakiacha mpaka siku ya pili. Feni izimwe, taa ya kupimia iwe ya LED isiyotoa joto jingi, na mtu mmoja tu awemo chumbani. Pumzi ya watu wawili inaonekana kwenye kipimo.

Kupima

Léon Foucault wa Paris aliifundisha dunia kipimo hiki mwaka 1858, na hakuna kipimo cha bei ndogo kinachokizidi. Weka kioo kimesimama. Kwenye umbali wa milimita 2400, mara mbili ya fokasi, weka LED ndogo nyuma ya mwanya mwembamba, na kando yake wembe uliofungwa kwenye kitelezi chenye skrubu ya kipimo. Nuru inaenda, inarudi, inakusanyika kwenye nukta mbele ya wembe. Weka jicho nyuma ya wembe na uingize wembe taratibu kwenye nuru. Kioo cha tufe safi kinafifia chote kwa pamoja, kijivu kimoja. Palipo na kosa panatokea vivuli, kama kwamba uso umemulikwa kwa ubavu, na vilima vya nanomita chache unaviona kwa macho yako. Mara ya kwanza mtu anapoona hivyo hunyamaza, nami pia bado hunigusa.

Kabla ya kuamini unachokiona, zungusha kioo robo ya mzunguko kwenye kibebeo chake. Kivuli kikizunguka pamoja na kioo, kosa ni la kioo. Kikibaki palepale, ni la kibebeo au hewa. Hili ndilo swali la kwanza daima.

Ongeza kipimo cha pili cha namna tofauti. Mimi natumia wavu wa mistari wa Vasco Ronchi, Mwitalia aliyeueleza mwaka 1923: kipande cha filamu chenye mistari minne kwa milimita, kinachowekwa mahali pa wembe. Tufe linaonyesha mistari iliyonyooka. Ukingo ulioinama unaikunja mwishoni kama ndoana. Kwa nini viwili? Kioo cha darubini ya Hubble, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilikuwa laini ajabu, lakini ukingo wake ulikuwa umeshuka kupita unavyotakiwa kwa mikromita 2.2. Kifaa kikuu cha kupimia kilikuwa na lenzi iliyokaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3, na kioo kilisuguliwa kwa uaminifu kufuata kipimo kibovu. Vipimo vingine vya hali ya chini vilionyesha tatizo, vikapuuzwa kwa kuwa kile kikuu kiliaminiwa zaidi. Darubini ikarushwa Aprili 1990, na taswira zikaja kunyooshwa Desemba 1993. Vipimo viwili vikipingana, acha kusugua mpaka ujue kwa nini.

Kosa kwa kosa

Ukingo ulioinama ndio unaosumbua wengi, na unaharibu kuliko yote kwa sababu ukingo una eneo kubwa la kioo. Kwenye kipimo cha wembe, ukingo wenye afya unaonyesha uzi mwembamba wa nuru kushoto na kulia. Ukipotea upande mmoja, ukingo umeinama. Chanzo karibu siku zote ni lami laini, msukumo mrefu au viganja vilivyoegemea nje. Pima lami upya kwa kucha, punguza msukumo, kwangua lami iliyovimba pembeni, gandamiza mara mbili zaidi, kisha sugua uso mzima kwa saa kadhaa. Usiusugue ukingo wenyewe. Kama imebaki milimita moja tu ya mwisho, ipake rangi nyeusi, maana unapoteza chini ya asilimia 3 ya nuru na kazi inaendelea.

Astigmatizimu, yaani kioo kupinda kama tandiko la punda, huja kutoka chini. Kioo kimelala juu ya meza isiyo sawa, au kimebanwa, au kimesuguliwa bila kuzungushwa. Wembe haulionyeshi vizuri kosa hili. Mistari ya Ronchi hujipinda kama herufi S, na nyota iliyotolewa nje kidogo ya fokasi inakuwa yai linalogeuka upande ukivuka fokasi. Kila unapokilaza kioo, tandika zulia, na kizungushe juu ya zulia kila baada ya dakika chache. Mgongo wake uwe umesagwa bapa tangu mwanzo.

Pete na mashimo ya katikati nimeshayagusa: mifereji, misukumo inayofanana, lami isiyogandamizwa. Pete ikikaidi baada ya hayo, kata karatasi ya nta umbo la sehemu iliyo chini, iweke kati ya kioo na lami, gandamiza. Lami itashuka hapo, itagusa kidogo, na sehemu hiyo ya kioo itapumzika wakati nyingine zinashuka kuifikia. Dakika tano, kisha pima, kisha ungoje.

Uso wa ngozi ya chungwa, yaani wenye mawimbi madogo madogo, unatibiwa kwa kwenda polepole, seriamu nyepesi, na lami iliyogandamizwa vizuri. Vishimo vilivyobaki vinajulikana kwa leza ndogo ya kuelekezea: mulika uso kwa ubavu chumba kikiwa giza. Mahali leza inapogusa pakiwa na doa linalong'aa, bado. Pakibaki peusi, umemaliza. Usiitazame leza yenyewe wala mwale unaorudi kutoka kwenye kioo.

Ukishapata tufe safi, parabola inahitaji misukumo mipana kidogo inayokwenda pembeni, kioo kikiwa juu, kwa dakika chache tu kila mara. Taa ikiwa imetulia na wembe ukisogea peke yake, umbali kati ya fokasi ya katikati na ya ukingo unatakiwa ufike milimita 2.34. Ukifika 2, anza kusimama kila baada ya dakika mbili, maana kurudi nyuma ni kazi kubwa kuliko kwenda mbele.

Kabla ya kukipeleka kupakwa alumini, kifunge kwenye darubini kikiwa kioo kitupu na utazame nyota angavu kwa ukuzaji mkubwa, fokasi ikisogezwa ndani kidogo na nje kidogo. Duara zake zifanane pande zote mbili. Alumini ni tabaka la nanomita kama 100 tu, linalofuata uso kama ulivyo, halizibi kosa lolote. Ukiridhika, kioshe kwa maji yaliyochemshwa na sabuni ya maji, kikaushe kikiwa kimesimama, na kifunge uso juu ndani ya boksi lenye vipande vya sifongo vinavyogusa ukingo na mgongo peke yake.